Usukani Uliorudi Bila Kitambaa

Yote yalianzishwa na fahali. Walimshusha kutoka kwenye ndege asubuhi, hapa kiwanjani Vanguardia, akiwa amefungwa ovyo kama ilivyo kawaida ya wanaume wenye haraka. Alipoliona jua akakata kamba, akazunguka nyuma ya ndege, akauchoma usukani kwa pembe. Hakuchoma mara moja akaondoka. Alichoma mpaka roho yake ikaridhika, kisha akaenda zake kula majani kando ya njia ya kurukia. Kapteni Heriberto, mwenye ndege, alisimama ameshika kiuno. Nikamwambia ashukuru Mungu fahali kachoma ndege, maana humu kiwanjani wapo watu ambao ningempa fahali chumvi ili awachome wao.

Usukani ninaousema ni ule wa mkiani, unaosimama wima na kuigeuza ndege kushoto na kulia. Ndege zetu hizi ni kuukuu, ziliundwa wakati wa vita vikuu vya dunia, na mpaka leo ndizo zinazopeleka chumvi, petroli na wagonjwa kule msituni ambako barabara haijafika na haitafika nikiwa hai. Usukani wake si bati tupu. Ni mbavu za alumini zilizovikwa kitambaa kizito cha pamba, kitambaa kikashonwa kwenye mbavu kwa mkono, kisha kikapakwa rangi inayokikaza mpaka ukikipiga kidole kinalia. Mkono unaoshona ni wangu. Jina langu Deyanira Cubides, na hapa Villavicencio ndege kuukuu nyingi huruka zikiwa zimevaa nguo niliyozishonea mimi.

Mume wangu, Ovidio, ni fundi wa bati na bolti. Mtoto wetu alikuwa mmoja, Fanor, naye alikuwa fundi wa kuruka: rubani anaendesha, yeye anakaa nyuma yake akisikiliza injini, na ikikohoa njiani ndiye anayejua dawa yake. Miaka sita iliyopita ndege yao ilitoka hapa na mapipa ya petroli kwenda Vaupés, kule msituni. Haikufika.

Ndege nyingine zilikwenda kuwatafuta. Lakini msitu ule ukiutazama kutoka juu ni kijani kitupu, na kilichomezwa humo hakionekani kwa kuzungukazunguka angani. Mwishowe wakubwa wa kiwanja walimjia Ovidio. Walimwuliza yeye kwa sababu alikuwa baba, na kwa sababu hakuna aliyeijua ndege ile kumshinda. Waendelee, au warudi kazini? Ovidio akafikiri kama fundi. Ndege imejaa petroli mpaka mlangoni. Imeangukia miti. Inawaka kabla haijatua. Akawaambia warudi, mwanawe alikufa papo hapo, na yeye hataki mtoto wa mtu mwingine afe akitafuta majivu.

Papo hapo. Neno hilo ndilo mume wangu aliloishi nalo miaka yote hiyo. Alimwambia padri, akawaambia majirani, akajiambia mwenyewe usiku akidhani nimelala: hakuumia, hakuogopa, ilikuwa papo hapo. Wengine hushika pombe, yeye alishika neno. Mimi nilimwachia, na nisijitie ujasiri hapa, hata mimi lilinisaidia kula na kulala.

Sasa turudi kwenye usukani uliochomwa na fahali. Mbavu zake zilikuwa zimepinda na kukatika, hazitengenezeki. Mpya haupo duniani. Hapa kwetu husemwa kwamba ndege haifi, hugawiwa wenzake: gurudumu huku, bawa kule, kiti cha rubani kikaenda kwa kinyozi. Kwa hiyo Kapteni Heriberto alimtafuta Don Arnulfo.

Don Arnulfo hupanda mito ya msituni kwa mtumbwi wa injini akinunua mabaki ya ndege kwa watu wa huko. Ni mcheshi, mwongo kidogo, na ana tabia moja mbaya inayojulikana na wote: kabla hajakuletea kifaa chochote, hung'oa kile kibao kidogo chenye namba. Ukimwuliza atakwambia kibao huleta maswali, na maswali huleta askari. Kwa hiyo kifaa chake kikifika Vanguardia ni yatima, hakina baba wala mama, na kazi yetu ni kukitazama na kusema ni cha ndege ya aina gani, kimekufa au kinafaa.

Aliuleta usukani juu ya lori, umefungwa kwa kamba pamoja na mikungu ya ndizi. Ulikuwa mbavu tupu, bila uzi wa kitambaa. Tukaulaza juu ya meza ndefu ya karakana, Ovidio akaanza yeye, kwa sababu bati ni lake. Aligonga kila ubavu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Alikwangua kutu. Halafu akafika kwenye bawaba, pale usukani unaposhikwa na mkia kwa bolti, akainama. Akakaa pale muda mrefu ametupa mgongo. Niliona mkono wake ukiingia mfukoni, ukatoka, ukaingia tena. Kisha akasema ni wa aina yetu, umenyooka, unafaa, akaenda kunawa mikono. Hakurudi. Kapteni akanitania kwamba mume wangu sasa ana kibofu cha mzee, nami nikacheka.

Ikawa zamu yangu.

Mshonaji haangalii bati. Anaangalia mbavu kule zilikoshikana na uzi, kwa sababu uzi wetu hupakwa nta, na nta huacha alama nyeusi isiyotoka hata kwa mvua ya miaka. Kitabu kinataka mafundo yapangwe kwa rula. Mimi hupima kwa vidole vyangu vitatu, na cha kati nilikivunja utotoni kwa mlango wa zizi, kikapona kimepinda. Kwa hiyo mafundo yangu huachana kwa kipimo ambacho hakimo kitabuni, na mkaguzi mmoja aliwahi kunisomea risala juu yake mpaka nikamwonyesha kidole. Niliweka vidole vyangu kwenye ubavu wa juu. Alama zikakubali. Nikaweka kwenye wa pili. Zikakubali.

Basi ulikuwa wangu. Hilo peke yake halikunishtua, nimeshona sukani nyingi. Nikapeleka mkono kwenye ubavu wa chini kabisa, upande wa ndani, mahali pa medali.

Kila ndege ninayoivisha, kabla sijafunga mshono wa mwisho, huingiza mkono na kufunga medali ya Bikira wa Karmeli, mlinzi wa wasafiri, kwenye ubavu wa chini. Medali yenyewe nyembamba kama ukucha, isije ikauvuruga uzito wa usukani. Marubani wote wanajua, hata wale wanaojitia hawaamini, na ndio wa kwanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama nimeweka. Na kila ndege nilikuwa naifungia kwa uzi wake, wa rangi yake. Ya Fanor niliifungia uzi wa kimachungwa, nilioufumua kwenye bembea aliyolalia alipokuwa mtoto mchanga.

Uzi wa kimachungwa ulikuwepo.

Nilishika meza. Kapteni Heriberto aliniuliza kama ni kisukari, nikamjibu ndiyo, ni kisukari, anipishe. Akatoka na Don Arnulfo kwenda kunywa kahawa, nikabaki peke yangu na kile kifaa.

Kwanza nilidhani huo ndio msiba wote: ndege ya mwanangu imeonekana. Lakini macho yangu yamezoea kazi, na kazi haikuwaacha yapumzike. Medali haikuwepo. Uzi ulikuwa umefunguliwa, kisha ukafungwa tena kwenye ubavu, mtupu, kwa kitanzi cha kamba za viatu. Mimi sifungi hivyo. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha Fanor kufunga viatu, kwa kitanzi kimoja kikubwa na kimoja kidogo, kwa sababu ya kidole changu kilichopinda, na akakua akifunga hivyo hivyo na kuchekwa shuleni.

Nikatazama tena mbavu. Kitambaa kikichanwa na miti huacha matambara chini ya mafundo. Kikioza, huacha nyuzi zilizokufa. Watu wa Don Arnulfo wakikitoa, hukata kwa panga na kukwaruza bati. Hapa hapakuwa na tambara, wala uzi, wala mkwaruzo. Mtu alikuwa amefumua mshono wangu kuanzia chini, fundo moja baada ya jingine, bila kukata, ili apate kitambaa kizima na uzi mzima. Ufumuaji huo una njia yake, maana fundo langu ukilivuta vibaya linajikaza. Wanaoijua njia hiyo ni mimi na Fanor, aliyekaa upande wa pili wa kitambaa akinipokea sindano tangu alipoweza kuishika. Na hapakuwa na masizi. Rangi tunayopaka huwaka haraka kuliko petroli yenyewe. Ndege ile haikuungua.

Mwanangu hakufa papo hapo.

Nilimfuata Don Arnulfo, nikamwuliza alikoupata. Alisema watu wa huko walimpeleka kwenye kijito nyuma ya kilima, na mkia wenyewe uko juu zaidi, mizizi imeushika. Hakuona mifupa, hakuona mtu. Usukani ulikuwa chini karibu na maji, umelazwa juu ya magogo mawili.

"Umelazwaje?" nikauliza.

"Kama paa, Doña. Majani yalikuwa yameanguka juu yake tele." Akapuliza kahawa yake. "Ni mafuriko hayo. Mto una utani wake."

Mto haupangi magogo mawili sawasawa. Lakini sikumwambia. Nilikwenda nyuma ya ghala la mapipa, nikajifunika uso kwa aproni, nikalia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wasemao hivyo walisema kweli, ila hawakusema kwamba uchungu wa kumzika mara ya pili unapita wa mara ya kwanza. Mara ya kwanza nilimzika mtu aliyekufa. Safari hii nilikuwa namzika mtu aliyeketi chini ya paa la bati amejifunika kitambaa changu, amesikia ndege zetu zikipita juu, halafu siku moja akaacha kuzisikia.

Nilipanguza uso, nikaamua. Ovidio asijue. Akijua kwamba mwanawe alikuwa hai siku ile alipowaambia warudi, lile neno lake litamfia mkononi, na yeye atalifuata. Nilimjua mume wangu. Nilikuwa nimepoteza mmoja kwenye kijito kile, sikuwa tayari kumtoa wa pili.

Jioni alikula kidogo, nusu ya arepa, mkate wetu wa mahindi, akasukuma sahani. Hakuniangalia.

"Kitambaa kilikuwaje?" akauliza.

"Kilichanika. Miti. Kilichobaki kikaoza."

"Na medali?"

"Ile si ndege yake, Ovidio. Ni nyingine."

Alitikisa kichwa polepole, akasema vizuri, akaenda kulala na viatu. Nilifikiri nimemwokoa. Nilijipongeza hata, mjinga mimi.

Kulipokucha nilichukua ovaroli yake kuifua. Mfuko ulikuwa mzito. Nikageuza, zikaangukia kwenye karai bolti za bawaba. Kila bolti ilikuwa na washa yake, na nati yake imerudishwa na kukazwa kwa mkono, na kipini kimepitishwa kwenye tundu lake na kukunjwa. Nilikaa chini kwenye saruji yenye maji.

Watu wa msituni hawafungui bolti, wanakata kwa msumeno. Na hata fundi wa kawaida akifungua, nati huzitupa kwenye kopo. Ni nyumba moja tu niliyopata kuiona ambako nati haikuruhusiwa kulala mbali na bolti yake, ni hii yangu. "Nati iliyoachwa peke yake imeshapotea," ndivyo Ovidio alivyomwimbia yule mtoto mezani, kazini, kitandani, mpaka Fanor akawa anarudisha hata kifuniko cha sufuria kwa heshima ile ile. Ameanguka na ndege, ametoka na spana, amefungua usukani ili apate paa, na bado amerudisha kila nati mahali pake ili baba asigombe.

Kwa hiyo Ovidio alikuwa anajua tangu pale kwenye meza, ametupa mgongo akizitia mfukoni. Alijua kabla yangu. Alikuwa ameniuliza juu ya kitambaa ili apime kama mimi najua, na nilipomdanganya alifurahi kwa ajili yangu. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja kila mtu akiulinda usingizi wa mwenzake, na hakuna aliyelala.

Nilizikausha bolti kwa kanga ya jikoni, nikazitia kwenye aproni, nikaenda kazini.

Kapteni alitaka ndege yake. Bati lilikuwa zuri, kitambaa kipya kilikuwepo, na mimi sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuisema mbele za watu. Nikaukata mfuko wa kitambaa, nikauvika ule usukani, tukausimamisha kwenye mbao zake. Kushona kunataka watu wawili, mmoja kila upande. Huku unaingiza sindano ndefu, kule inapokelewa, inapitishwa upande wa pili wa ubavu na kurudishwa. Hamuonani, mnaijua mikono tu. Tangu Fanor alipokwenda kuruka, upande wa pili hukaa yeyote asiye na kazi, na wasio na kazi hapa hawakosekani. Siku ile nilipoingiza sindano ya kwanza ilirudi vibaya, imepinda, na sauti ikaniuliza inashikwaje. Alikuwa Ovidio. Mkono wake haukuwa umepata kushika sindano tangu tuoane, vifungo vyake vyote nimemshonea mimi.

Nilimwelekeza. Tukashona ubavu wa kwanza, kisha wa pili. Aliharibu, nikafumua, akaharibu tena.

"Nimefua ovaroli yako," nikasema.

Sindano haikurudi.

"Nilidhani nimezitoa," alisema.

"Kitambaa hakikuchanika, Ovidio. Alikifumua."

"Najua." Kisha akasema, "Alikuwa hai, Deya."

"Alikuwa hai."

"Alitungoja."

"Alitungoja."

"Na mimi ndiye niliyesema ndege zirudi."

Hapo ndipo mke mwema humwambia mumewe si kosa lako, ulijua ulichojua, mtu yeyote angesema vile. Yote ni kweli, na yote nilikuwa nayo mdomoni. Lakini niliiona ndege ya mwisho ikigeuka juu ya kile kijito, na mtoto wangu akitazama juu na medali mkononi, na mdomo wangu haukufunguka. Mungu anisamehe, nilimnyima. Nilikaa nikiutazama mkono wake ulipogusa kitambaa kwa upande ule, ukisukuma nguo kidogo kuelekea kwangu, na nikaweka wangu juu yake. Hicho tu ndicho nilichoweza. Alilia bila sauti, nilijua kwa sababu kitambaa kilitikisika.

Sindano ilirudi. Tukaendelea.

Tulipofika mbavu za chini aliniambia ameshasema na Kapteni Heriberto na Don Arnulfo. Ndege ikipona, safari yake ya kwanza ni Vaupés, na sisi wawili ndani yake. Arnulfo ataonyesha kijito.

"Tunakwenda kutafuta nini?" nikauliza. "Miaka sita, Ovidio. Mtoto anayejua njia ya kwao hakai msituni miaka sita kwa kupenda."

"Najua hakai," alisema. "Chochote tutakachokiona. Hata kama ni kijiko chake."

Ukabaki mshono wa mwisho. Nilitoa bolti kwenye aproni nikampa kupitia chini, azipime. Alizishika muda, akasema chuma chake bado kizima, atazifunga zenyewe. Kisha nikaingiza mkono mpaka kwenye ubavu wa chini. Uzi wa kimachungwa ulikuwa pale, na kitanzi chake kikubwa na kidogo, nao nikauacha ulivyo. Ovidio alisikia mkono wangu ukitoka.

"Umeweka medali?" akauliza.

"Hapana," nikamwambia. "Ya ndege hii anayo Fanor."

Nikafunga mshono.